Seva Yangu Haina Anwani

Hadi sasa masikio yananiwaka. Jumapili iliyopita, ukweni Kibosho, ndafu ikiwa imeshaliwa na watu wamerudi sebuleni kupumzisha matumbo, shemeji alichomoa waya wa king'amuzi akaunganisha simu yangu na televisheni, ili ukoo mzima uone picha za kipaimara cha binti yetu. Hotuba nilikuwa nimeshaitoa: mimi picha zangu siwawekei Wamarekani, nina seva yangu mwenyewe, iko Dar es Salaam chini ya meza ya televisheni, ina diski mbili zinazonakiliana, moja ikifa nyingine inabaki na kila kitu. Wazee wakatikisa vichwa kwa heshima. Nikabonyeza.

Likatokea duara. Likazunguka. Ukoo mzima ukalitazama duara lile kwa utulivu wa watu waliomo kanisani, mpaka yalipokuja maandishi mekundu kwamba muunganisho umeshindikana. Nikasogea dirishani, simu juu, kuonyesha kwamba mkosaji ni mtandao wa Kilimanjaro. Shemeji, wala hakuwa na ubaya, akafungua YouTube kwenye simu yake, kwaya ikaimba beti zote bila kukwama.

Baba mkwe akakohoa. "Mkwe, hilo sanduku lilikugharimu shilingi ngapi?"

Nikataja nusu ya bei. Hata hiyo nusu ilimfanya mama mkwe aweke kikombe chini. "Mbona mwenzio alishatutumia zote kwa WhatsApp," akasema taratibu. "Sema tu zina ukungu kidogo."

Sasa nieleze, maana pale hakuna aliyetaka kunisikiliza. Seva ilikuwa nzima. Nyumbani ilifunguka kila siku, kwa kuwa simu na seva zilikuwa kwenye Wi-Fi ileile, na ndani ya nyumba vifaa huonana bila kuomba ruhusa kwa mtu. Kwa mgeni wa nje, rauta nayo ilikuwa imeshaagizwa: atakayebisha mlango namba 5001, mpeleke kwenye seva. Agizo safi kabisa. Ila hakuna mgeni aliyewahi kuufikia mlango huo.

Siri iko kwenye ukurasa wa rauta. Pale penye anwani ya nje paliandikwa namba inayoanza na 100.72. Nikauliza tovuti moja inanionaje, ikanitajia namba nyingine kabisa. Maana yake, kati ya rauta yangu na dunia kuna rauta nyingine, ya kampuni, na nyuma yake tumepangwa wateja kibao tunaotumia anwani moja.

Mambo yalifikaje huku? Mfumo wa anwani tunaoutumia uliandikwa mwaka 1981, na jumla yake ni anwani 4,294,967,296. Wakati ule zilionekana hazina mwisho, zikagawiwa kama pipi. Chuo kimoja cha Marekani, MIT, kilipewa zaidi ya milioni 16 na kukaa nazo mpaka kilipoanza kuziuza mwaka 2017. Tanzania nzima, kwa sensa ya 2022, ni watu 61,741,120. Februari 2011 ghala kuu la dunia likaisha. Mwaka uliofuata likatengwa rasmi fungu la 100.64 hadi 100.127, la kutumiwa ndani ya kampuni za mtandao tu. Humo ndimo ninamoishi.

Waliokulia kijiji kilichotumia S.L.P. ya shule ya msingi watanielewa upesi. Barua yako ilitoka vizuri, na jibu liliporudi mwalimu mkuu alikumbuka nani aliandika, akamtuma mtoto alipeleke. Lakini barua iliyoingia bila kutarajiwa, ina namba ya sanduku tu na haina jina, angempa nani? Rauta ya kampuni nayo ina daftari lake. Kila anwani ina milango 65,536, na kila mteja anapotoka huandikiwa katokea upi. Majibu hurudi kwa mwenyewe. Asiyeandikwa akibisha, hatupiwi hata jicho. Simu yangu kule Kibosho ilikuwa haijaandikwa.

Nikapiga huduma kwa wateja. Dada aliyepokea alikuwa mpole. "Kaka, umejaribu kuzima rauta na kuiwasha?" Nikamwambia ninachotaka ni anwani ya umma. "Kwani intaneti hapo nyumbani haifanyi kazi?" Inafanya. "Sasa tatizo ni nini, kaka?" Baada ya kuhamishwa meza nikaambiwa anwani ya kudumu ipo, ila ni ya makampuni, na kwa bei yake ningewalipia wakwe zangu wote nauli waje kuzitazama picha Dar.

Hapo ndipo kicheko kinaponiishia. Ninalipa kila mwezi bila kuchelewa, na ninachouziwa kwa jina la intaneti ni ruhusa ya kutazama vya wenzetu. Cha kwangu hakiwezi kutazamwa. Kijana wa Mbagala mwenye kompyuta kuukuu na wazo la tovuti atakodi seva Ujerumani, kwa fedha za kigeni, hata kama wasomaji wake wote wanaishi Mbagala. Na dawa si ngeni. Mfumo wa IPv6 ulichapishwa mwaka 1995, na hesabu ya anwani zake ina tarakimu 39. Hauhitaji mtu yeyote kujibanza nyuma ya mwenzake.

Kwa sasa nimepita uani. Kuna programu inaitwa Tailscale: seva yenyewe ndiyo inayotoka nje kwanza, simu nayo inatoka, zote mbili zinabisha kwa wakati mmoja, na kila rauta inadhani mwenzake ni jibu lililotarajiwa. Mlango unafunguka. Anwani ambayo programu hiyo imeipa seva yangu nayo inatoka kwenye fungu lilelile la 100.64.

Tangu hapo LUKU imeisha mara moja tukiwa safarini. Mtoto amechomoa seva ili achaji simu. Panya ameonja waya.

Msomaji, kabla hujanunua sanduku kama langu, fungua ukurasa wa rauta yako usome anwani ya nje. Ikiwa kati ya 100.64 na 100.127, huna anwani. Waandikie kampuni yako uwaulize IPv6 wanaileta lini, na uwaandikie kwa maandishi, maana kwenye simu watakwambia uzime uwashe.