Daftari la Shangazi

Ng'ombe wamesifiwa, ziwa limesifiwa, na Mwalimu, mtoto wa Butiama, ameimbiwa mpaka sauti zimekauka. Daftari la madeni hakuna aliyelisifu. Hata wanaokula kwa hisani yake, na hapa Nyasho ni wengi, wakipita mbele ya duka huinamisha uso wakajifanya wanatafuta kitu walichodondosha. Leo nimeamua kulitendea haki.

Ninalolisema ni la shangazi yangu, mwenye kiduka karibu na soko la Nyasho, hapa Musoma mjini. Ni daftari la shule, lile lenye jedwali la kuzidisha kwenye jalada la nyuma, kana kwamba aliyelichapa alijua kazi inayolingoja. Jalada lilikuwa la bluu. Kalamu imefungwa kwa uzi wa nyavu ili isitembee, na bado imetembea mara tatu. Ukurasa wa 12 umelowa mafuta ya kula, kwa hiyo ukiuinua juani unawasoma wadaiwa wa mbele na wa nyuma kwa mpigo mmoja. Kati ya kurasa kuna magamba ya dagaa yaliyokauka, yanang'aa kidogo ukifunua.

Nimenakili mistari michache, kwa idhini ya mwenye mali: "Mama Pacha sukari nusu, kiberiti. Mrefu wa bodaboda mkate na soda, kesho. Mwalimu mchele 2, mwisho wa mwezi. Baba Nyumba ya Kijani sigara 2 (mkewe asijue)."

Bei haipo, tarehe haipo, jina la ubatizo halipo. Wasomi wa uhasibu wataona makosa hapo. Mimi naona adabu. Bei haikuandikwa kwa kuwa bei ya sukari haitulii, na shangazi hataki kumfunga mtu kwenye bei ya jana wakati ya leo itamfaa zaidi yeye muuzaji. Tarehe haikuandikwa kwa kuwa neno "kesho" linatosha: siku yoyote utakayolisoma bado ni kesho, na deni la kesho halijawahi kuchelewa. Na jina la nini? Nani asiyemjua mrefu wa bodaboda? Tabu ilianza pale kijiweni alipokuja mwingine, mrefu kumpita yule wa kwanza, na wote wawili wakakana mkate.

Utukufu wa daftari hili umo hata katika sarufi. Mtu wa hapa haombi mkopo. Mkopo ni wa benki, ni wa kikoba, au Mungu apishe mbali, ni wa wale jamaa wa kausha damu wanaobeba televisheni yako siku ya saba. Dukani mtu husema, "Shikamoo shangazi, mama amesema umwandikie." Angalia hiyo kauli ya kutendea. Kumpikia mtu ni kumfanyia wema, kumfulia mtu ni kumfanyia wema, basi na kumwandikia pia. Mwenye sukari ndiye anayetoa sukari, ndiye anayetoa wino, ndiye atakayetoa jasho akifuatilia malipo, na bado ndiye anayeambiwa, "Asante kwa kuniandikia." Wauzaji wa jumla nao wana kauli yao: wanampa shangazi mzigo kwa mali kauli, auze kwanza alipe baadaye. Hivyo biashara nzima, kuanzia ghalani mpaka kwenye kikombe cha chai cha Mama Pacha, imesimama juu ya kauli mbili, na katikati yake kuna daftari moja la shule.

Hata nasaba yake si ya kudharau. Daftari tumelipata kwa Waarabu, na wanaochimbua asili ya maneno wanalifuata mpaka kwa Wagiriki wa kale, ambako maana yake ilikuwa ngozi iliyotengenezwa, kwa kuwa ndiyo waliyoandikia. Kwa mkoa kama wetu, ambako deni zito hulipwa kwa ng'ombe na ngozi yake, neno limerudi nyumbani.

Mwaka 1494, mjini Venice, mtawa mmoja Mfransisko aitwaye Luca Pacioli alichapisha kitabu kikubwa cha hesabu, na ndani yake akaeleza jinsi wafanyabiashara wa mji ule walivyotunza mahesabu. Mfanyabiashara, alisema, awe na vitabu vitatu. Cha kwanza ni cha kumbukumbu, kinachopokea kila kitu papo hapo jinsi kilivyotokea. Cha pili hupanga yale ya kwanza kwa tarehe. Cha tatu ndicho daftari kuu, ambamo kila jambo huandikwa mara mbili, upande wa anayetoa na upande wa anayepokea. Na kila kitabu kifunguliwe kwa jina la Mungu.

Shangazi hajawahi kumsikia Pacioli, lakini ukurasa wa kwanza umeandikwa MUNGU NI MWEMA kwa herufi kubwa, na chini yake kuna deni la sabuni. Kitabu cha kwanza anacho. Cha pili na cha tatu vinasubiriwa. Hata kuandika mara mbili amewahi kufanya: sukari ya Mama Pacha aliiandika usiku, akaiandika tena asubuhi kwa kuwa hakukumbuka ya usiku. Mama Pacha hakuupenda utaratibu huo wa Venice. Walikaa wiki 3 bila kusalimiana, na kwa wiki hizo 3 alinunua kwa pesa taslimu kwenye duka la jirani.

Tena daftari ni chombo cha amani. Waingereza walitunza mahesabu ya hazina yao kwa karne nyingi kwa vijiti vilivyochongwa alama, na tarehe 16 Oktoba 1834, walipoamua kuvichoma vile vya zamani kwenye tanuri za Bunge, moto ukapanda ukateketeza jengo la Bunge lenyewe. Daftari la shangazi halijaunguza chochote. Lililotangulia hili liliishia kuwashia jiko la mkaa, kurasa mbili mbili, na pamoja nalo zilikwenda laki mbili na ushee za watu. Wadaiwa walioota moto ule hawakujua wanaota nini.

Wataalamu wanapenda kusema kwamba kila dai liwe na siku ya kulipwa. Siku hiyo ipo, ila haipo kwenye kalenda ya ukutani, ipo angani. Wateja wengi wa shangazi wanategemea dagaa wanaoshushwa Mwigobero. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti kitu, mitumbwi inapumzika, na mji mzima unapumzika mifuko. Kwa hiyo mtu husema, "Nitakulipa giza likiingia." Mgeni atadhani ni jambazi. Shangazi huchungulia nje, akapima mwezi umebaki kiasi gani, akaandika. Sijaona programu ya simu yenye kipengele hicho. Niliwahi kumwekea moja ya kurekodi mauzo. Aliitumia siku nne, ya tano simu ikatumbukia kwenye ndoo ya maji. Daftari nalo limewahi kutumbukia kwenye ndoo ileile. Lilianikwa juu ya bati, jioni likaendelea na kazi.

Na hapo risiti za mashine za EFD, zilizoanza kutumika nchini mwaka 2010, hazilifikii hata kidogo. Karatasi ya risiti hizo ni ya kuchapwa kwa joto. Ikae mfukoni kwenye jua la Musoma miezi kadhaa uone itakavyobaki nyeupe kama sanda, wakati sheria inataka kumbukumbu za biashara zitunzwe miaka 5. Mwenye busara huitoa nakala siku hiyohiyo. Sigara za Baba Nyumba ya Kijani, kwa wino wa kalamu ya kawaida, zitasomwa na wajukuu.

Sitaficha kwamba kwenye kodi daftari lina ukarimu uliopitiliza. Desemba 2018 vilipoanza kugawiwa vile vitambulisho vya wajasiriamali wadogo kwa shilingi 20,000, masharti yalikuwa mauzo yasizidi milioni 4 kwa mwaka. Shangazi alipekua daftari akaapa kwamba hayazidi. Hakudanganya. Daftari la madeni huandika kilichokopwa tu; anayelipa papo hapo haandikwi, anachukua chumvi yake anaondoka. Kwa mujibu wa kitabu hicho, duka halijawahi kuuza kitu kwa pesa taslimu tangu lifunguliwe.

Kisha viwango vya kodi vya mwaka 2019 vikasema hivi: mwenye mauzo ya zaidi ya milioni 4 hadi milioni 7 kwa mwaka, kama hana kumbukumbu kamili, alipe 100,000. Kama anazo, alipe asilimia 3 tu ya kinachozidi milioni 4. Chukua mwenye mauzo ya milioni 5. Asiye na kumbukumbu ni laki moja, mwenye kumbukumbu ni 30,000. Hizo 70,000 za katikati ndizo bei ya kutoandika mauzo ya taslimu. Kwa watu wagumu ni hasara. Kwa shangazi ni mchango wa barabara.

Lakini siku daftari lilipong'ara kweli ni siku ya invoisi. Shule moja, sitaitaja, ilichukua kwake maharage na mchele kwa mwezi mzima. Alipokwenda kudai, alichana ukurasa akaupeleka ulivyo. Mhasibu, kijana mwenye shati lililopigwa pasi, aliugeuza huku na huku. "Mama, hii siyo invoisi." Shangazi akamuuliza kama maharage yaliyoliwa nayo hayakuwa maharage. Kijana akaugeuza tena, na safari hii akasoma upande wa nyuma mpaka kwenye mabano. Kumbe Baba Nyumba ya Kijani ni shemeji yake.

Kwa heshima ya yule kijana niseme kwamba hakumfukuza. Alichukua karatasi safi akamchorea. Juu, jina la muuzaji, namba yake ya mlipakodi na simu. Chini yake, jina la anayedaiwa: si "shule", bali jina kamili la shule. Tarehe. Namba ya invoisi, 001, inayofuata 002, ili ikipotea moja pengo lionekane. Kisha kila bidhaa na mstari wake: maharage kilo ngapi, kwa bei gani, jumla yake. Jumla kuu. Siku ya mwisho ya kulipa. Namba ya kulipia. Mwishoni akamwambia apeleke pia hati ya kupokelewa mzigo yenye saini ya mpishi, na abaki na nakala ya kila kitu. Kuna vitabu vya invoisi vyenye karatasi ya kaboni kwenye maduka ya vifaa vya ofisi, vinauzwa kama madaftari mengine.

Shangazi alilipwa mwezi uliofuata. Baba Nyumba ya Kijani aliacha sigara, au alihamia duka jingine, sina hakika.

Waswahili husema mali bila daftari hupotea bila habari. Hilo ndilo jambo ambalo daftari la shangazi limelitatua. Mali yake hupotea, lakini habari zote zipo. Jioni moja nilikaa naye kwenye benchi, taa ya sola kati yetu, tukajumlisha. Wadaiwa wote pamoja, mrefu wa bodaboda akihesabiwa mara moja tu, walifika 412,500. Tulidhani tumempata mwizi wa mtaji. Ila mwezi ule duka lilikuwa limepungukiwa zaidi ya hapo, na hata wadaiwa wote wangelipa usiku uleule bado shimo lingebaki.

Tukaanza kuhesabu visivyoandikwa. Mchele wa chakula cha jioni, unaochotwa kwenye gunia la kuuzia kwa kuwa ndio ulio karibu. Sabuni ya nyumbani. Ada ya mtoto iliyotoka kwenye kopo la mauzo asubuhi ya Jumatatu. Rambirambi. Vocha. Daftari, kwa heshima kubwa liliyonayo kwa mwenye duka, halikuwahi kutaja hata kimoja. Linajua dhambi za mtaa mzima, na za bosi wake halijui hata moja. Tafuta karani wa namna hiyo mjini.

Shangazi alicheka, kisha akanyamaza, kisha akauliza kama jina langu nalo limo. Nilifunua tangu MUNGU NI MWEMA mpaka jedwali la kuzidisha. Halimo. Mtoto wa kaka haandikwi, anafungua friji mwenyewe. Soda, maandazi ya asubuhi, mkaa niliompelekea rafiki, nauli ya kwenda Bunda na kurudi: kwa hesabu yangu mwenyewe, ambayo sina shaka imenipendelea, ni 38,500.

Shikamoo shangazi. Naomba uniandikie.