Fungua bare, funga bare

Jirani, mimi sikuomba kujua habari za chini ya motoka. Motoka ni ya kupandwa. Unakaa juu, unafunga mlango, unapiga honi, unaenda. Vya chini vina wenyewe, na wenyewe wanalipwa. Lakini ukae Butembo, uoe binti wa watu wa chini ya Kyondo, kwenye ile barabara ya kuteremka Kyavinyonge, halafu useme hutaki kujua. Utajulishwa tu.

Yangu ni Land Cruiser serie 80, ya mwaka 1994. Ilitoka Kampala, ikapita Kasindi, usukani uko kuume. Huku kwetu tunapita kuume mwa barabara, kwa hiyo nikitaka kudubla Fuso sioni kitu. Namuuliza aliyekaa kushoto kama mbele ni wazi. Aliyekaa kushoto ni bibi yangu. Bibi yangu anajibu siku anayojisikia kujibu. Siku nyingine tunafuata moshi wa Fuso mpaka Maboya, kwa sababu ya maneno ya asubuhi kuhusu pesa ya mafuta ya kupikia. Tuyaache hayo.

Kesi ya leo ni bare stabilizatrisi. Kwenye garaji wanaita bare tu. Ni chuma kirefu, mviringo, kimekunjwa ncha zote mbili, kinalala chini ya pua ya motoka kutoka gurudumu la kushoto mpaka la kuume, kimeshikwa na vipande vifupi wanavyoita biyeleti. Nyuma kuna ndugu yake. Mimi na hicho chuma tuliishi vizuri tu, hakuna aliyemjua mwenzake.

Ikaja mvua ya mwezi wa kumi. Unaijua barabara ile ikishalowa. Fuso zimechimba mifereji, katikati pamebaki mgongo wa udongo, upande mmoja shimo, upande mwingine kifusi. Nikaingia. Motoka ikasimama ikiwa imepinda. Nakanyaga gazi, injini inalia, hatuendi. Nakanyaga tena. Watoto wakatoka migombani. Sijui huwa wanakaa wapi wakingoja. Mmoja akachuchumaa, akatazama, akatangaza: "Papa, guludumu moja haligusi chini!" Nikashuka kutazama. Kweli. Gurudumu la mbele la kushoto liko hewani, linazunguka peke yake, halina habari na mtu. Wakati bado nimeduwaa, tshukudu ikanipita. Ya mbao, jirani. Haina injini, haina bare, imebeba magunia ya viazi, na mwenyewe akanisalimia kwa heshima: "Shikamoo, muzee." Ile heshima ndiyo iliniuma.

Watoto walisukuma, nikalipa. Wakaomba na ya biskuti, nikalipa.

Kesho yake nikaenda garaji. Nilifika nikaita "Kambale!" na nusu ya garaji ikageuka, maana kwetu kila mtoto mwanaume wa pili ni Kambale. Akaja wa kwangu, anapangusa mikono. Nikamweleza. Akanitazama, akawaita wenzake, akaniuliza mbele yao wote: "Patron, unashukaga kule na bare imefungwa?"

Nikajibu ndiyo, kwani ilitakiwa kufunguliwa na nani?

Basi nikafundishwa nimesimama, watu wanasikiliza, mpaka mama anayeuza mandazi. Bare kazi yake ni kona. Motoka ikiinama upande mmoja, chuma kinajisokota, kinakataa, kinairudisha. Kwenye lami ni dawa. Lakini kwenye mashimo, gurudumu la kushoto linataka kushuka na la kuume linataka kupanda, na bare inasema hakuna anayeenda popote peke yake. Ni mbuzi wawili kwenye kamba moja: huyu akipanda kichuguu, mwenzake ananing'inia shingo. Halafu kuna diferensieli, nayo ina tabia yake. Gurudumu likishakosa pa kukanyaga, ndilo linalozunguka. Lile lililokanyaga udongo, lenye uwezo wa kututoa, limetulia tu. Asiye na kazi ndiye anayepewa mzunguko wote. Hapo naongea juu ya motoka, jirani. Usinitafutie maneno.

Mpwa wangu naye akaleta simu yake. Kijana wa siku hizi hawezi kuona mtu mzima anafundishwa bila kuongeza lake. Eti Jeep Wrangler Rubicon, tangu 2007, ina kidude cha kubonyeza pale mbele ya dereva. Unabonyeza, bare ya mbele inaachia yenyewe. Lazima uwe kwenye magurudumu manne, na ukipita kilomita kama 29 kwa saa inajifunga tena bila kuulizwa. Nissan Patrol zingine zina kidude cha bare ya nyuma. Na Land Cruiser 200, iliyotoka 2007 hiyo hiyo, kuna zile zenye mafuta kwenye mabomba yanayolegeza bare zote zenyewe, dereva hana habari. Nikasema na yangu ni Land Cruiser, haiwezi kukosa. Nikaingia ndani nikabonyeza kila kitu. Antena ikapanda. Wiper ya nyuma ikaanza kukwaruza kioo kikavu. Mama wa mandazi akacheka mpaka akashika meza.

Yangu ni ya kufungua kwa kle. Dola tano. Kufunga, dola tano. Nikamuuliza Kambale kama hakuna bei ya kwenda na kurudi. Akasema yeye si basi.

Na usidhani ni kuzungusha tu. Kwanza motoka ikae mahali tambarare, maana ikiwa imepinda ile bare imejikaza, ukitoa bulo inaruka na vidole vyako. Sasa nitajie mahali tambarare Butembo. Tulihama na motoka kutoka garaji mpaka uwanja wa kanisa. Bulo zenyewe zimeshika kutu tangu enzi za Mobutu, zikamwagiwa mazutu, zikangojewa, zikapigwa nyundo. Mimi nikapewa kazi ya kushika tochi chini kule. Nikauliza, "Unafungua upande mmoja tu?" na udongo wote wa Kyondo ukanishukia mdomoni. Jibu lilikuwa hapana, pande zote mbili, na patron afunge mdomo.

Ikafunguka. Kambale akaifunga bare juu na kauchu, ule mpira wa shambreri kuukuu, ili isigonge. Nikashuka Kyondo. Jirani, nikuambie ukweli, ilitembea! Pale pale nilipokwama, gurudumu la kushoto likazama shimoni taratibu, la kuume likapanda, yote manne yakashika udongo, tukavuka. Watoto wametoka migombani na mikono yao tayari, wakabaki wananitazama kwa chuki. Nikawapungia.

Kabla sijamaliza kupunga, kauchu ikakatika. Ko, ko, ko mpaka kwa mama mkwe. Nikafika na kelele ya fundi sufuria. Mama mkwe akatoka nje kuuliza nimemletea nini. Kijana wa pale akaitoa kabisa ile bare, tukaiegemeza ukutani, nikasema nitaichukua siku nyingine.

Tangu hapo ndipo nikajua kwa nini iliwekwa. Tarehe 16 Juni 2021 marais wawili, wa kwetu na wa Uganda, walikutana mpakani Kasindi na Mpondwe, wakazindua kazi ya barabara za kilomita 223. Kasindi–Beni 80, Bunagana–Goma 89, na 54 zetu za Beni–Butembo. Mimi nilipiga makofi. Hakuna aliyeniambia kwamba barabara ikishakuwa nzuri, ndipo utadaiwa bare. Kwenye mashimo unaenda polepole, hakuna anayekuona. Pakishalainishwa unakanyaga, kona inakuja, motoka inalala. Bibi yangu ameshika mlango kwa mikono miwili. Mashemeji wa nyuma wote wamehamia upande mmoja, tena si kwa kupenda. Ukitoka kona ya kushoto unaingia ya kuume, mashemeji wanarudi. Mmoja alianza wimbo wa kanisa kabla hata ya kona ya Kabasha. Na nikiuliza kama mbele ni wazi, sasa hakuna anayejibu kabisa, wamefumba macho. Pale Beni motari akanisogelea, akapiga kioo: "Muzee, wewe umelala vizuri, ni motoka ndiyo imekunywa kasiksi!"

Basi nikatuma mtu akaichukue bare yangu. Akarudi mikono mitupu. Nikapiga simu mwenyewe.

"Mama, ile chuma yangu."

"Mkwe wangu, ile iko kazini."

Iko kazini wapi? Iko chini ya mgomba. Mkungu umekuwa mkubwa, mgomba ulitaka kuanguka na upepo, miti ya kuegemeza ilikuwa imeliwa na mchwa. Mama akaona chuma imara kimekunjwa ncha, kikashika shingo ya mgomba vizuri kuliko mti wowote. Ameniambia nimebarikiwa. Ameniambia majirani wanakuja kuangalia.

Sasa wewe, jirani, ungemwambia nini mama mkwe? Ungemwambia aangushe mkungu ili motoka yako isiiname kona ya Kabasha? Kambale anasema bare ya okazioni iko sokoni, ila mwenye nayo anataka dola ambazo sitazitaja hapa, bibi yangu anasoma hii safu. Kwa hiyo napiga simu kila Jumapili baada ya misa kuulizia ndizi. Jumapili iliyopita mama akasema bado, ila zinaelekea, halafu akashusha sauti. Ameambiwa na yule kijana kwamba nyuma ya motoka kuna ndugu yake, na mgomba wa pili nao umeanza kuinama.