Hotuba ya Gwiji wa Asilimia

Mheshimiwa mwenyekiti, itifaki imezingatiwa, isipokuwa yangu: kwenye ratiba nimeandikwa "mkufunzi". Mimi ni Gwiji wa Kanzidata Kanda ya Ziwa. Tulishindanishwa wataalamu wote, nami nikawa mwamuzi.

Mada ni kugeuza alama za utafutaji wa SQL ziwe rejeksi, yaani ruwaza za kutafutia maandishi. Ni jambo dogo. Asilimia (%), yaani herufi zozote au pasipo herufi, inakuwa .* na kistari cha chini (_), yaani herufi moja tu, kinakuwa nukta. Ken Thompson alichapisha makala kuhusu rejeksi mwaka 1968 bila kunishirikisha. Simlaumu, sikuwa nimezaliwa.

Hapo nakumbuka semina ya Dodoma. Niliketi meza kuu, jirani kabisa na waziri! Katikati yetu palikuwa na kiti kimoja tu, chenye mkoba wa dereva wake, nao haukutaka mazungumzo.

Turudi kazini. Kwenye daftari la kata za Ngara na Biharamulo, nataka zinazoanza na Ru. Kompyuta isijali herufi kubwa wala ndogo. SQL ingesema ru%. Mimi naandika ru.* na kubonyeza. Rusumo! Rulenge! Runazi! Makofi tafadhali. Murusagamba... Nyarubungo... Hizi mbili zimejiingiza. Halmashauri zao zibadilishe majina.

Binti wa masjala, pale nyuma, anadai SQL hulinganisha neno zima, hivyo rejeksi ifungwe kwa ^ mwanzoni na $ mwishoni. Binti, mtaalamu hafungwi.

Sasa mizigo ya maharage. Natafuta kilo 1.5, neno zima, kumridhisha binti. Imekuja 1.5, ikaja 105, ikaja 125. Mnaona wenyewe teknolojia inavyoongeza mavuno! Binti anasema nukta kwenye rejeksi ni herufi yoyote, kwa hiyo kwanza itanguliwe na mkwaju wa nyuma, iwe \. ndipo asilimia na kistari vigeuzwe.

Naona ameshaandika mwenyewe: ^ru.*$ na ^1\.5$. Orodha zimetoka safi. Nampongeza kwa kunielewa haraka hivyo. Mwambieni mhasibu posho ya uwezeshaji ni yangu.

Nahitimisha. Mkihitaji gwiji kwenye kanzidata yenu ya majina, andikeni asilimia peke yake. Itamtoa kila mtu, nami nitakuwemo.