Mpeni Baba Bidoni Abebe

Wanaoandaa mashindano ya mpira ya watoto wakati wa likizo kubwa, kuanzia Julai mpaka shule zifunguliwe Septemba, hupanga kila kitu isipokuwa wazazi. Hupanga timu za mitaa, filimbi, mwamuzi asiye na ndugu katika timu yoyote (huyu ndiye mgumu kumpata), na mbuzi wa mshindi. Wazazi huachwa wajipange wenyewe kandokando ya uwanja, mikono mitupu na midomo wazi, na hapo ndipo mashindano yanapoanza kuharibika. Ninachodai ni kifupi ingawa nitakizungusha kidogo: mzazi anayepiga kelele pembeni mwa uwanja si mtu mbaya, ni mtu aliyekosa kazi, na wanaojaribu kumtibu kwa kumnyamazisha au kumfukuza wanatibu ugonjwa mwingine.

Uwanja wenyewe unahitaji kuelezwa kwanza. Kibati iko miguuni pa Nyiragongo, kaskazini ya Goma, kando ya barabara ya Rutshuru, na ndipo watalii walipozoea kuanzia safari ya kwenda kuchungulia moto wa mlima. Ardhi yetu ni zawadi ya mlima huohuo: mawe meusi yenye matundu na makali, yaliyoshuka yakiwa uji mwekundu yakaganda palipoyapendeza. Mvua hapa ni nyingi, lakini maji yake hayakai juu. Hupenya mawe yakapotea, na watu wanabaki kutembea mbali na bidoni za manjano mgongoni. Juu ya mawe hayo mpira wa dukani huishi muda mfupi kuliko mpira wa mifuko ya plastiki na kamba, kwa kuwa huu wa pili hauna upepo wa kutoka. Beki anayejirusha chini kunyang'anya mpira kwa kuteleza, kama alivyoona kwenye televisheni, hufanya hivyo mara moja tu katika maisha yake ya soka. Mistari ni mawe yaliyopangwa, kandambili chache na makubaliano. Goli ni miti miwili ya mkaratusi, na mtambaa wa panya haupo kabisa. Kila mzazi huutundika kichwani mwake kwa kimo kinachomfaa. Baba wa kipa huushusha mpaka kifuani mwa mwanawe, baba wa mshambuliaji huupandisha mpaka penye matawi ya mti wa jirani. Baba anapopaza sauti, “Piga!”, mama aliyesimama hatua tatu nyuma yake anapaza yake, “Viatu!”, maana mtoto ameingia uwanjani na viatu vilivyonunuliwa kwa ajili ya Septemba. Katika mazingira hayo ubishi unahesabika kuwa sehemu ya vifaa vya uwanja, na sitamlaumu mtu kwa kuutumia.

Baada ya mtambaa wa panya usioonekana unakuja umri usioonekana. Watoto wengi wa Kongo hawana cheti cha kuzaliwa, kwa hiyo umri hutolewa kwa kauli, na kauli ya mzazi hubadilika kulingana na anayeuliza. Mtoto yuleyule ana miaka 14 ikitafutwa mikono ya kubeba kabichi, na 11 na miezi kadhaa ikitangazwa mechi ya walio chini ya miaka 12. Mzazi akibanwa hukimbilia historia, nayo huku kwetu ina mengi kupita kiasi, kwa hiyo haimsaidii. “Alizaliwa mwaka wa volkano.” Mwaka upi? Nyiragongo ililipuka Januari 1977, Januari 2002 na Mei 2021: wa kwanza huenda ana wajukuu, wa pili ana ndevu, wa tatu bado ana meno ya utoto. “Basi, wakati wa M23.” Vita vya waasi hao vya 2012 au vile vilivyorudi mwishoni mwa 2021? Hapo ndipo mzazi hukasirika na kusema kwamba mtoto ni wake.

Wala tusijione peke yetu. Mwaka 2009, kwenye Kombe la Dunia la walio chini ya miaka 17 nchini Nigeria, FIFA ilianza kutumia mashine inayopiga picha mifupa ya kifundo cha mkono ili mifupa iseme kile ambacho wakubwa hawasemi. Januari 2023 shirikisho la soka la Cameroon, chini ya Samuel Eto'o, liliwapima hivyo vijana 30 wa timu yake ya chini ya miaka 17, likawaondoa 21. Wapo waliocheka, wapo waliosikitika, lakini sikusikia wengi wakiuliza ni nani anayebuni hila ya namna hiyo. Mtoto wa miaka 12 hana haja ya kuwa mdogo. Ndoto yake yote ni kuongeza miaka, avae suruali ndefu, aruhusiwe kuchelewa kurudi. Kupunguza umri ni hesabu ya mtu mzima, na mtu mzima anayeifanya tayari yumo mchezoni kabla filimbi haijalia.

Ushahidi mzito zaidi wa yanayotokea mtu wa pembeni anaposhika usukani unatoka katika timu yetu ya taifa. Machi 1974 Zaire, jina letu la wakati ule, ilitwaa Kombe la Mataifa ya Afrika kule Misri, Ndaye Mulamba akafunga mabao 9, na Rais Mobutu akawazawadia wachezaji nyumba na magari. Mobutu alitaka aitwe Baba wa Taifa, na mwaka ule alifanya yote ambayo baba wa mashindano ya mtaani hufanya, ila kwa bajeti kubwa zaidi: alitoa zawadi mapema, alijigamba kwa majirani, kisha matokeo yalipokwenda kombo akakasirika. Juni timu ilikwenda Kombe la Dunia Ujerumani Magharibi. Ilifungwa na Scotland 2–0. Wachezaji wakagundua kwamba posho zao zimeishia mifukoni mwa wakubwa waliofuatana nao, na moyo wa kucheza ukazimika. Dhidi ya Yugoslavia, tarehe 18 Juni, mabao matatu yaliingia katika dakika ishirini za mwanzo, kipa Kazadi akatolewa akaingia Tubilandu. Kocha Blagoje Vidinić alieleza baadaye kwamba amri ya kumtoa ilitoka kwa mkubwa wa wizara. Basi mtu asiye kipa wala kocha alitatua tatizo la kufungwa matatu, na mechi ikaisha 9–0. Katika vurugu hizohizo Mwepu Ilunga alimpiga mwamuzi teke, na mwamuzi akamtoa nje Ndaye, ambaye hakugusa mtu. Wazazi wanaoapa kwamba waamuzi wa Kibati ndio vipofu kuliko wote duniani, naomba wamkumbuke yule mwamuzi Mkolombia.

Siku nne baadaye ilikuwa zamu ya Brazil. Mwepu alisimulia miaka mingi baadaye kwamba walionywa wasirudi nyumbani endapo watafungwa manne. Kuelekea mwisho wa mechi, Brazil ikiwa na mpira wa adhabu, Mwepu alichomoka kwenye ukuta akaupiga mpira huo mbali kabla Mbrazili hajaugusa. Dunia ilicheka kwa miongo kadhaa kwamba Waafrika walikwenda Kombe la Dunia bila kujua sheria. Mwepu alikuwa bingwa wa Afrika, sheria alizijua. Alikuwa mtu mzima aliyefanya kile ambacho mtoto wa miaka 10 hufanya kila Jumapili baba yake anapomwita jina mara arobaini: aliuondoa mpira machoni pake, popote uende, ilimradi asiulizwe tena. Ikiwa sauti ya Baba iliweza kumfanya hivyo beki wa timu ya taifa, sioni kwa nini tutarajie zaidi kwa mtoto wa darasa la nne. Mechi iliisha 3–0, wakarudi nyumbani.

Najua nitakachojibiwa. Kwanza nitaambiwa kwamba kelele ndizo utamaduni wetu, kwamba Mkongomani hashangilii kwa kunong'ona, na kwamba ukimya ni mambo ya Wazungu. Kweli, kwao wamejaribu. Chama cha soka cha England kimewahi kuandaa wikendi za kushangilia kimya katika mechi za watoto, makofi ruksa, maagizo marufuku; na kuna ligi za watoto Marekani zilizowagawia wazazi peremende za kijiti ili midomo iwe na shughuli. Hapa dawa hiyo isingefanya kazi kwa sababu ya wazi: mzazi wa Kibati akipewa peremende huifunga kwenye kitambaa ampelekee mdogo aliyebaki nyumbani, kisha huendelea kupiga kelele, tena kwa moyo mweupe. Lakini kwamba ukimya ni ugeni kwetu, hilo silikubali. Katika Kombe la Mataifa ya Afrika lililochezwa Morocco kuanzia Desemba 2025, shabiki wa Leopards, timu yetu ya taifa, aliyezungumzwa kuliko wote alikuwa Michel Kuka Mboladinga, aitwaye Lumumba Vea, aliyesimama mechi nzima mkono juu kama sanamu ya Lumumba ya Kinshasa, bila kutikisika, huku ngoma zikilia pande zote. Huyo ndiye mfano wangu mkubwa. Yeye hakunyamazishwa na mtu. Alikuwa na kazi, na kazi yake ilikuwa kusimama. Mtu aliyeshika mkono juu kwa dakika tisini hana nafasi ya kumwambia kocha ambadilishe nani.

Wengine watanikumbusha methali: kelele za chura hazimzuii ng'ombe kunywa maji, kwa hiyo mtoto mwenye kipaji atacheza tu. Sawa, ila ng'ombe wa methali ile hakuwa na miaka 11, na chura hakuwa baba yake.

Sasa kazi zenyewe, na hapa wala hatuhitaji kuvumbua jambo. Mathare, Nairobi, kuna chama cha michezo cha vijana kiitwacho MYSA, kilichoanzishwa mwaka 1987, ambako timu hupata pointi za ligi kwa kusafisha mitaa yao, si kwa mabao peke yake. Sisi tuna salongo, kazi ya pamoja ya mtaa ya Jumamosi, tuliyorithi tangu enzi za Mobutu, na kila mtu anajua namna ya kuikwepa. Hebu fikirini salongo ambayo ukiikwepa timu ya mwanao inashuka nafasi. Wazazi wangeondoa mawe makali asubuhi, wangepanga mistari, wangeleta maji. Mwenye chukudu, kile kigari cha mbao cha kubebea mizigo, angekuwa ambulansi. Mtambaa wa panya nao una ufumbuzi rahisi: ifunguliwe kamba ya yule mbuzi wa zawadi, baba wa kipa ashike ncha moja, baba wa mshambuliaji ashike nyingine, waivute ikaze. Mpira ukipita juu ya kamba wote wawili wameuona, ukipita chini wote wawili wameuona, na anayeilegeza kwa hila ataonekana na uwanja mzima. Mbuzi ashikwe na mwamuzi, atakuwa na sababu ya kutokimbia.

Kipo kipingamizi chenye uzito kuliko vile vya kelele na methali. Mwaka 2008 Kibati ilijaa kambi za waliokimbia vita, na tangu hapo barabara yetu imeona zaidi ya mara moja watu wakishuka kuelekea Goma na magodoro vichwani. Mtu anaweza kuuliza, kwa haki kabisa, kama watu waliopitia hayo wanahitaji kufundishwa adabu za kutazama mpira. Jibu langu ni kwamba mtoto wa hapa amekwisha kuamriwa vya kutosha na watu wazima: fungasha, shuka, panga foleni, subiri, rudi. Mechi ya watoto haina dakika nyingi, lakini ndani yake anaamua mwenyewe kama apite kulia au kushoto, na akikosea hasara ni kurusha kwa upande wa pili. Kuna mzazi anayefika na uamuzi huo akiwa amekwisha kumfanyia mtoto, kwa sauti, kutoka mita arobaini. Simwiti mkatili, pengine ndiyo mara pekee wiki nzima amri yake inasikika mahali fulani. Ndiyo sababu nampa bidoni badala ya kadi nyekundu.

Nimesikia pia hofu kwamba mzazi mwenye kazi atajiona mkubwa zaidi, kwamba mbeba maji ataingia uwanjani kila dakika awe kocha wa pili. Wenye hofu hiyo hawajabeba lita 20 kupanda mteremko wa Kibati. Anayefika nazo hutua, huketi juu ya jiwe, na kwa muda mrefu hana maoni yoyote kuhusu safu ya ulinzi. Tatizo ambalo mpango wangu haujalimaliza ni wajomba. Mjomba hana mtoto kwenye orodha, kwa hiyo hawezi kupangiwa salongo. Hakununua viatu, kwa hiyo haogopi vichanike. Amepita tu akielekea kwingine, na ndiye mwenye sauti kubwa kuliko wote. Kwake napendekeza filimbi ya pili, iliyozibwa tundu.