Utando wa Mafuta Ndani ya Beringi, Kama Anavyoufafanua Bingwa Wake Pekee

Utando wa mafuta ni tabaka jembamba linalozitenganisha gololi na pete za chuma beringi inapozunguka. Mara nyingi unene wake haufiki maikroni 1, ilhali unywele mmoja wa kichwani una maikroni 70 hivi. Somo hili linafahamika kikamilifu na mtu mmoja tu, Bingwa, ambaye jina lake halitajwi kwa kuwa wanaostahili kulijua wanalijua.

Msingi wa nadharia uliwekwa mwaka 1886 na Osborne Reynolds wa Manchester. Alionyesha kwamba mafuta yakiburutwa kuingia kwenye upenyo unaozidi kuwa mwembamba, hujijengea shinikizo la kubeba mzigo. Reynolds aliifanya kazi hiyo bila ushauri wa Bingwa, aliyekuwa hajazaliwa; upungufu wowote utakaoonekana humo uchukuliwe hivyo.

Ndani ya beringi mzigo wote huelemea kidoa kidogo cha mguso, na shinikizo hufika gigapaskali 1 na kupita. Chuma chenyewe hubonyea, kisha hurudi. Mafuta, badala ya kukimbia, huongezeka mnato maelfu kwa maelfu ya mara, yakawa karibu magumu, kwa muda usiofika hata sehemu ya elfu ya sekunde. Hapa ndipo Bingwa husimamisha mhadhara ili cheti chake kipitishwe mkono kwa mkono. Kina fremu ya dhahabu na muhuri mwekundu, na kinathibitisha kwamba mwenye nacho alihudhuria semina ya nusu siku ya wauza grisi, pamoja na chai. Ovaroli yake, iliyotariziwa neno BINGWA kifuani na mgongoni, haijawahi kuingia doa.

Bingwa hufundisha kwamba mzigo ukizidi, utando wote hukamuliwa, na dawa ni kushindilia grisi. Hesabu za Duncan Dowson na Gordon Higginson, zilizoanza kuchapishwa mwaka 1959, zinasema vingine: mzigo ukiwa maradufu, utando hupungua kwa chini ya asilimia 10, mwendo ukiwa maradufu, hunenepa kwa zaidi ya nusu. Bingwa anazifahamu hesabu hizo, na ameshazisamehe.

Kiasi cha grisi kinachoshauriwa ni theluthi hadi nusu ya nafasi iliyo wazi. Ikijaa, gololi huikoroga, joto hupanda, mnato hushuka, utando hukonda, na vinundu vya chuma huanza kugusana. Katika mhadhara mmoja, kielelezo kilikuwa beringi ya mashine ya kusaga unga, pete yake imebanduka magamba, grisi imekuwa nyeusi tititi. Bingwa alikuwa ameiinua juu kuthibitisha udhaifu wa mafuta ya siku hizi, kijana wa mashine akanyoosha mkono: “Samahani mzee, si ndiyo ile uliyoishindilia grisi mwenyewe mpaka ikafurika?”

Swali liliahirishwa hadi mhadhara ujao. Beringi mpya ilifungwa na kijana huyohuyo, grisi nusu, Bingwa akiwa bado anajipongeza.