Namna ya Kununua Hisa Ukiwa Bwiza na Simu Moja

Mdogo wangu wa chuo, anza kwa kuzima sauti ya lile kundi la WhatsApp. Yule "kocha" anayetuma picha za magari kila asubuhi na kuahidi faida ya asilimia 3 kwa siku hauzi hisa. Piga hesabu: faranga 100,000 zikikua hivyo kila siku, mwaka ukiisha zitakuwa zimepita bilioni 4. Mwenye mashine ya namna hiyo hana haja na pesa yako ya burse, angekuwa ameshanunua mtaa mzima wa Rohero. Mwombe ripoti ya hesabu za kampuni yake uone atakavyokutoa kundini.

Sasa kaa kwenye kabare, agiza mshikaki, angalia chupa ya Primus mezani kwa jirani. Brarudi inayoitengeneza ina wenyewe: Heineken na Serikali ya Burundi. Hisa ndiyo hiyo, fungu lako katika kiwanda, malori, faida, na hasara vilevile. Bralirwa ya Rwanda, ya ukoo huohuo wa Heineken, iliingia soko la hisa la Kigali mwaka 2011. Anayekuuzia hisa asipoweza kukuonyesha kreti wala lori, mwache aende zake. Akibadili maneno na kusema ni sarafu za mtandaoni, mkumbushe kwamba Benki ya Jamhuri ya Burundi ilipiga marufuku biashara yake mwaka 2019. Pesa zako zikipotea, utamshtaki kwa nani?

Simu yenyewe siilaumu, naipenda. Mwaka 2017 Serikali ya Kenya iliuza hati fungani ya M-Akiba kwa simu, kuanzia shilingi 3,000. Dar es Salaam, soko la hisa liliwaandalia wanafunzi wa vyuo shindano la kununua na kuuza kwa mtaji wa mfano, wakosee bila kulala njaa. Natamani sana kuona shindano kama hilo chuoni Mutanga. Likichelewa, daftari linatosha: chagua kampuni tatu za Nairobi na Kigali, andika bei za hisa zao kila Ijumaa kwa muhula mzima, na megabaiti za usiku uzitumie kusoma ripoti zao za mwaka. Anza na Safaricom ya Kenya. Mwaka 2008 watu walipanga foleni, wengine kwa mkopo wa benki, kununua hisa zake kwa shilingi 5. Haikuchukua muda bei ikashuka chini ya 3. Aliyekopa na asiyekopa hawakulala usingizi mmoja.

Siku ya kununua kweli, acha karo na kodi ya chumba pembeni. Tafuta jina la dalali katika orodha ya soko lenyewe, si katika picha uliyotumiwa. Na akikwambia utume pesa kwenye namba ya Lumicash ya shemeji yake, kata simu.