Barua ya Wazi kwa Kamati ya Sherehe, Kuhusu Meza ya Afrika

Meza ya Afrika ni meza ya plastiki ya kukunja ambayo Kamati ya Sherehe ya kanisa huitandika kila Februari, Siku ya Mataifa, baina ya mlango wa choo na mashine ya maji baridi. Uingereza ina meza yake. Ufilipino ina yake. Wahindi wanazo tatu, kwani Kerala, kama Kamati ilivyofafanua kwa hekima, si Goa. Afrika ina nchi 54 na meza moja, na mguu mmoja wa meza hiyo hutiliwa kigae ili isiyumbe.

Barua hii inaelekezwa kwa Kamati hiyo, ambayo haitajwi jina kwa kuwa inajijua. Inahusu Waanglikana wazungumzao Kiswahili wanaokaa Mawaleh, hapa Muscat, na mitaa ya jirani, watu ambao kwa miaka kadhaa sasa wamekuwa wakishirikishwa. Neno hilo limetoka kwenye mwaliko wenyewe, ambamo hutokea mara nne. Heshima zote anazostahili kila mjumbe zinatolewa hapa mwanzoni, zisije zikasahaulika huko mbele.

Mwaliko hufika kwa simu wiki tatu kabla, ukiwa na vikatuni vya ngoma na simba. Huomba pilau na uchezaji. Kuhusu pilau hakuna ugomvi. Kikundi cha wachezaji kina muuguzi wa Bukoba, mhasibu wa Machakos, mwalimu wa Korogwe na fundi wa viyoyozi aliyetoka Bunia, na wanne hao hawana ngoma moja wanayoijua wote. Ile wanayoicheza waliiokota kwenye intaneti, kwa watu waliovaa ngozi za chui, na mpaka leo haijulikani ni ya wapi. Mhasibu ana goti bovu. Jumapili mpaka Alhamisi hukagua vitabu vya hesabu, na wakubwa wa kampuni humnyamazia akisema. Ijumaa hiyo hufungwa njuga. Akimaliza hupigiwa makofi kama apigiwavyo mtoto aliyemaliza uji. Kisha mshereheshaji hushika kipaza sauti na kusema "Jambo!", ukumbi mzima hujibu "Hakuna matata!", na ushirikishwaji wa mwaka huo huwa umekwisha.

Mapishi hufanyika Mawaleh, usiku wa kuamkia sherehe. Mara ya mwisho yalikuwa kwa muuguzi, na jirani wa mlango wa pili, bibi wa Kiomani mzaliwa wa Unguja, alikuja na mbuzi yake ya kukunia nazi, kwa kuwa samaki wa kupaka aliyetiwa tui la kopo, kwa maoni yake, ni samaki aliyepakwa chokaa. Alikuna nazi tano bila kupumzika.

"Mwanangu, kesho mnapika au mnacheza?"

"Vyote viwili, Bibi."

"Ngoma gani?"

"Hatuijui jina, Bibi."

Bibi akakung'uta machicha. "Na kusema? Hamkupewa maneno mawili matatu mkasema?"

Muuguzi akajibu kwamba ratiba imejaa.

"Basi mmealikwa miguu," akasema Bibi, akaomba chujio.

Bibi huyo ni Mwislamu. Krismasi sahani hutoka kwa muuguzi kwenda kwake. Idi hurudi na halua, wala haijawahi kurudi tupu. Utaratibu huo hauna kamati.

Historia ambayo miguu haiwezi kuieleza ni ndefu kidogo. Muscat na Unguja zilikuwa na mtawala mmoja hadi Sayyid Said bin Sultan alipofariki mwaka 1856, na mwaka 1861 milki ikagawanywa rasmi baina ya wanawe. Tarehe 5 Juni 1873 Sayyid Barghash, sultani wa Unguja, akibanwa na Waingereza kupitia mwakilishi wao John Kirk, alitia saini mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa baharini, na soko lao la Mkunazini, mjini Unguja, likafungwa. Krismasi ya mwaka huohuo Waanglikana wa misheni ya UMCA waliweka jiwe la msingi la kanisa papo hapo sokoni. Sehemu ya kiwanja ilitolewa na Jairam Senji, mfanyabiashara wa Kihindu. Saa ya mnarani ilitoka kwa Barghash mwenyewe. Askofu Edward Steere, yule aliyechapisha ngano za Waswahili mwaka 1870, ndiye aliyesimamia ujenzi, na husimuliwa kwamba siku moja alipokuwa hayupo mafundi walizisimika nguzo za mahali pa ubatizo kichwa chini miguu juu. Hazijapinduliwa mpaka leo. Mhindu, sultani Mwislamu, askofu wa Kiingereza na mafundi wa Unguja: hiyo nayo ilikuwa siku ya mataifa, na hakuna aliyepangiwa karibu na choo.

Upande wa Muscat nao una yake. Thomas Valpy French, aliyekuwa askofu wa kwanza wa Lahore, alifika hapa mwaka 1891 akiwa mzee, akafariki tarehe 14 Mei mwaka huohuo. Kamati humwekea shada, na ni vizuri. Mwaka 1896 mmisionari wa Kimarekani Peter Zwemer alikabidhiwa, katika mji huuhuu, watoto 18 wa Kiafrika waliookolewa kwenye majahazi ya watumwa, akawafungulia shule. Hao hawana shada. Wana meza.

Kila tarehe 19 Juni Kamati, kwa hisani ya waumini wake wa Kimarekani, huandaa mhadhara juu ya watumwa wa Galveston, Texas, waliotangaziwa uhuru mwaka 1865. Marekani iliifanya siku hiyo sikukuu ya taifa mwaka 2021. Mhadhara ni mzuri na watu hutokwa machozi. Wiki mbili kamili kabla yake, tarehe 5 Juni hupita kimya. Ombi la kusoma ukurasa mmoja siku hiyo limepelekwa mara tatu, na mara tatu limejibiwa kwamba jambo lenyewe ni nyeti, litawaudhi wenyeji. Wenyeji hawakuulizwa. Bibi wa Mawaleh angeulizwa angesimulia mpaka alfajiri, na si yote ambayo angeyasema yangempendeza mwalimu wa Korogwe, wala majibu ya mwalimu yasingempendeza yeye. Ndivyo wazungumzavyo watu waliowahi kukaa nyumba moja. Kinachoogopwa ni kingine. Mtumwa wa Texas yuko mbali, amekufa, haulizi kitu. Mjukuu wa waliopitishwa Mkunazini amesimama ukumbini, yu hai, ana njuga miguuni, na akipewa kipaza sauti haijulikani atasema nini. Kwa hiyo hapewi. Anapewa njuga, anapewa sahani za kuosha, anapewa picha ya pamoja ambamo husukumwa mbele ili rangi ionekane. Hiyo ni dharau, na neno lililo laini zaidi limetafutwa halikupatikana.

Kamati iwe radhi. Sauti ilipanda kidogo.

Kuhusu kalenda, jitihada za Kamati zinatambuliwa. Siku ya Taifa la Oman, iliyokuwa tarehe 18 Novemba na ambayo tangu 2025 huanza tarehe 20 kwa kumbukumbu ya mwaka 1744 ukoo wa Albusaidi uliposhika utawala, huadhimishwa kwa keki yenye bendera. Ukoo ndio uleule uliotawala Unguja mpaka tarehe 12 Januari 1964, ila nafasi juu ya keki haikutosha. Desemba ndiyo mtihani. Tarehe 9 ni uhuru wa Tanganyika, 1961; tarehe 10 ni uhuru wa Zanzibar, 1963; tarehe 12 ni wa Kenya, mwaka huohuo wa 1963. Siku tatu hizo humkuta mwalimu akicheka, Bibi akichoma udi kwa uhuru uliodumu mwezi mmoja na siku mbili, na mhasibu akipigiwa simu na ndugu zake wote, na wote watatu huonana kwenye lifti ileile. Kamati imezikusanya zote katika Februari, kwa sababu ya hali ya hewa.

Maombi sasa. Meza isogezwe. "Jambo" ipumzishwe mwaka mmoja, ikibidi kwa ushauri wa daktari. Fundi wa Bunia asiulizwe tena habari za Serengeti. Tarehe 5 Juni zitolewe dakika tano. Zikionekana nyingi, nne.

Ombi kubwa ni sanamu. Linalopendekezwa ni sanamu la kuvalishia nguo, la aina wanayosimamisha mafundi cherehani wa soko la Seeb mlangoni, lenye mikono inayozunguka begani. Kamati ilinunue mara moja, liwe Mwafrika wa Kudumu. Livalishwe kanga ya pande mbili, na jina la kanga liandikwe kwa herufi zinazosomeka kutoka jukwaani: TUMEKUJA KULA, SI KUCHEZESHWA. Kwa kuwa Kamati haisomi Kiswahili, hakuna atakayeudhika. Kiunoni litiwe mota ndogo ya feni, kasi tatu: ya kwanza kwa maandamano ya kuingia, ya pili kwa ngoma, ya tatu kwa wapiga picha. Kifuani liwe na kipaza sauti chenye "Jambo" iliyorekodiwa, na kitufe chake kiwe chini kiasi cha kufikiwa na watoto, maana wao ndio hukibonyeza kwa nia njema. Tabasamu lichorwe pana, kwa rangi isiyochuja kwa jasho. Sanamu halina goti bovu. Halina visa ya kuhuishwa, halina zamu ya usiku hospitalini, halichelewi foleni ya barabara ya Sultan Qaboos, na muhimu kuliko yote, halina historia, kwa hiyo hakuna lililo nyeti. Askofu akizuru lisimamishwe kuliani kwake. Baada ya sherehe livuliwe kanga, likunjwe, lifungiwe stoo pamoja na mti wa Krismasi mpaka Februari nyingine. Wanne wa kikundi watalichangia betri. Wakati likizunguka, wao watakuwa wamekaa kwenye viti, wanakula pilau waliyoipika, na mhasibu atakuwa ameunyoosha mguu wake juu ya kiti cha pili.

Limebaki jambo moja la jikoni. Sufuria mbili zilizoachwa kwa Kamati Februari iliyopita zirudishwe Mawaleh. Si za muuguzi, ni za Bibi, naye ameziulizia mara mbili. Ile kubwa, yenye mfuniko uliopinda, ilitoka naye Unguja mwaka 1964.